Zamu ya Maji

Tulimzika Mama Bonifasi huko Dongobesh siku ya upepo mkali, na sisi wanawake wa makamo tukapewa kazi ya kumenya vitunguu swaumu vya pilau ya waombolezaji. Nilikuwa nimetoka Katesh alfajiri. Nikakaa kwenye kigoda, sinia mapajani, ndani ya jiko lile lile nililopikia ujana wangu, na hata kichwa cha kwanza sijakimaliza, mama mmoja wa jirani akaanza. "Mnamwona Yasinta huyu?" akawaambia wasichana waliokuwa wanachagua mchele. "Alipanga chumba kile pale, hana hata sufuria. Leo ana duka na nyumba ya wageni Katesh. Kuna watu wamezaliwa na nyota yao." Wasichana wakanitazama kwa heshima, nami nikacheka kidogo na kuendelea kumenya. Miaka yote hii watu wananiambia nina bahati na sijawahi kuwabishia. Kwanza, ukibisha unaonekana unajisifu. Pili, niseme tu ukweli, ni maneno matamu kuyasikia. Lakini siku hiyo sikuyasikia vizuri, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama Emiliana.

Sikuwa nimemwona tangu mwaka ule tulioishi chumba kimoja. Alikuwa amenenepa, mkononi ana bangili za shaba kama wanavyovaa wanawake wa Kibarbaig, na alikuwa bado anatembea kwa haraka kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Akawasalimia wazee kwanza, shikamoo huyu, shikamoo yule, akawapa pole wafiwa, kisha akachukua ndoo tupu, akaipindua, akaikalia karibu nami. "Bado unamenya kwa kucha," akasema. "Nilikufundisha nini mimi?" Akachukua kisu na kuanza kazi. Hatukukumbatiana wala hatukulia. Nilimjibu kitu, sikumbuki nini, maana kichwani mwangu lilikuwa limebaki jambo moja tu. Niliogopa kwamba anajua nilichosema juu yake kule mferejini, na kwamba amekuja kuniuliza.

Habari za wazazi wangu sitazieleza hapa. Inatosha kusema kwamba kulikuwa na mwanaume mtu mzima, mwenye mke tayari, ambaye alikuwa ameshaleta posa, na baba alikuwa amenipa msimu mmoja. Nikipata kitu cha kujitegemea, posa itarudishwa. Nisipopata, nirudi nyumbani niolewe bila kelele. Nikaenda Dongobesh na blanketi na jembe. Emiliana nilikutana naye kwenye kwaya, sauti ya pili, tukapatana tupange chumba kimoja kwa Mama Bonifasi, mjane mkali wa kanisani aliyekuwa na shamba bondeni. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, dirisha la kuziba kwa gunia, na ukuta wa udongo ambao haukufika juu. Upande wa pili wa ukuta alilala Mama Bonifasi, na pembeni yake ndama. Tulisikia kila kitu: ndama akikojoa, mama akisali rozari, na wageni wake wakinywa chai na kusema watu. Chakula chetu kilikuwa makande. Makande asubuhi yaliyobaki jana, makande jioni mapya, na Jumapili ugali na maziwa ya mgando ambayo mama mwenye nyumba alitupa kwenye kibuyu, akisema tusiyazoee.

Ndio mwaka tuliotangaziwa kwamba sisi si watu wa Arusha tena, tumepata mkoa wetu, Manyara, na makao makuu ni Babati. Mgeni mmoja wa Mama Bonifasi alisema kule upande wa pili, "Basi tumehamishwa bila kufunga mizigo," na Emiliana akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa blanketi. Tulikuwa tunacheka hivyo mwanzoni. Ushirika ulikuwa umebaki ghala tupu lenye popo, na mazao yetu yalinunuliwa na watu binafsi waliokuja na malori yao, leo bei hii, kesho ile. Kila mwenye kipande karibu na maji alikuwa anawaza swaumu. Mama Bonifasi alitukodisha kipande chake cha bondeni, kimegawanywa katikati na njia ya miguu, nusu ya juu na nusu ya chini. Ya chini ndiyo iliyopendwa, udongo wake mweusi na mzito. Ili tusigombane alikata vijiti viwili, akavificha mkononi, atakayechomoa kirefu achukue ya chini. Nikachomoa kirefu. "Umeanza vizuri," akasema Mama Bonifasi. Nimewaza sana juu ya kijiti kile. Bahati ipo, siwezi kusema haipo, kwa sababu kijiti ni kijiti na hakuna aliyenisaidia kukichomoa. Tatizo langu ni kwamba baada ya hapo kila kitu kizuri kilichonipata nilikihesabu kuwa mtoto wa kijiti kile.

Kazi yenyewe nilikuwa siijui. Emiliana ndiye aliyeijua, kwao walilima swaumu kabla haijawa na bei. Alinifundisha kuchagua punje kubwa tu, kutumia samadi ya zamani iliyokwisha kupoa, na alinipiga kofi la mkononi aliponikuta naotesha ovyo. "Ncha iangalie juu, Yasinta. Ukimzika kichwa chini, atatokea wapi?" Maji yalitoka kwenye mfereji wa bonde zima, kwa zamu, na mzee wa mfereji alikuwa hana mzaha. Ukichelewa zamu yako imepita. Zamu zetu zilikuwa za alfajiri, siku yake na siku yangu, kabla jua halijatoka, wakati baridi ya Mbulu inakufanya umchukie hata aliyekuzaa. Siku yangu ikifika alinigusa mgongoni na mguu wake wa baridi mpaka niamke. Siku yake ikifika aliondoka taratibu, mimi nikavuta blanketi lote.

Halafu akabadilika. Vitunguu vilikuwa vimeshika, tumeingia kwenye miezi ya baridi, na Emiliana akaanza kusukuma sahani yangu. Nikipika, anasema ameshiba. Nikirudi shambani na harufu ya swaumu mikononi, anageuza uso kuelekea ukutani. Alfajiri alitoka nje na kurudi akijifuta mdomo, uso umelowa maji, haongei. Akavaa sweta kubwa la kaka yake kutwa nzima, hata jua likiwaka, akaacha kwaya. Yeyote aliyezaa ameshaelewa ninachokisimulia. Mimi nilikuwa binti, nimelelewa kwa kuogopa mambo hayo hata kuyataja, nikaona tu rafiki aliyenichoka. Na wakati huo huo matuta yake ya juu yakaanza kuwa ya njano, na yangu yakawa kijani kilichokoza, majani yamesimama. Mara nyingine nilifika shambani siku ambayo si zamu yangu nikakuta udongo wangu una unyevu. Niliingiza kidole nikahakikisha. Nikasema bondeni ni bondeni, maji yanashuka yenyewe. Sikutaka kuuliza zaidi, maana mtu hahoji kinachomfaa.

Jumapili moja mchana tulikuwa tumejilaza baada ya misa, tukasikia mgeni upande wa pili akisema, "Hawa wasichana wako, mmoja ana nyota na mwingine ana mkosi. Shamba moja, mbegu moja, tazama tofauti." Mama Bonifasi akapuliza chai yake kwanza. "Emiliana moyo unamuuma," akasema. "Mwenzako akifanikiwa mbele ya macho yako, chakula hakipiti." Nilisubiri Emiliana ainuke aseme kitu, hata acheke. Alinyamaza, amenipa mgongo. Nikauchukua ule ukimya kuwa jibu. Na nitakalolisema sasa ndilo linalonichoma zaidi ya yote: nilifurahi. Sikuwa nimewahi kuonewa wivu na mtu yeyote katika maisha yangu, na nililala pale kitandani nikijiona nimekuwa mtu.

Lazima nieleze jambo moja kwa wasiotoka kwetu. Zamani msichana akipata mimba kabla ya kuolewa, nyumba aliyokuwamo iliingia kwenye kutengwa tunakokuita metimani. Hakuna aliyekuja kuomba moto hapo, wala aliyegusa kitu kilichotoka humo, wala aliyetaka kuchangia maji na waliokuwamo, mpaka muda mrefu upite. Msichana mwenyewe alifukuzwa akajifungulie mbali. Mwaka ninaousimulia kanisa lilikuwa limeshakataza, na vijana wa sekondari walicheka, lakini pale bondeni wazee walikuwa wengi kuliko vijana wa sekondari. Wasingetamka neno. Wangeacha tu kuja. Mzee wa mfereji angesahau zamu yetu, vibarua wangeumwa siku ya kung'oa, na gunia lililotoka chumba chetu lingebaki peke yake barabarani. Mimi ningerudi kwa yule mwanaume na posa yake. Hayo yote yalikuwa yananing'inia juu ya kitanda chetu kimoja, na aliyejua alikuwa mmoja wetu.

Sasa kule mferejini. Wanawake walikuwa wanafua, na kati yao alikuwepo mama mmoja mkunga wa kienyeji, mwenye macho ya kupima ng'ombe na watu kwa pamoja. Akaniuliza taratibu, anakamua khanga, "Mwenzako ana nini? Sweta hilo havui hata mchana?" Wenzake wakaacha kusugua. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Nilikuwa na nafasi ya kusema anaumwa malaria. Nikasema, "Wivu tu mama. Tangu swaumu yangu ishike hali hata chakula nilichopika. Anajifunika asiione dunia." Nikaigiza na namna anavyogeuza uso. Wakacheka sana, yule mkunga naye akacheka, akarudi kwenye khanga yake. Kufika jioni Dongobesh nzima ilikuwa inajua kwamba Emiliana ana wivu, na watoto walimwimbia njiani. Alipita na jembe begani akiangalia mbele. Usiku ule hakuniuliza neno, na mimi sikumwambia.

Haikupita muda akaondoka. Niliamka asubuhi moja nikakuta nafasi yake kitandani imepoa. Amechukua nguo zake, ameacha jembe, ameacha debe lake la mahindi, na mahindi yenyewe ameyafunika vizuri panya wasiingie. Mama Bonifasi alisimama mlangoni akaangalia chumba kizima kabla ya kusema, "Wivu umemtoa." Nikaitikia kwa kichwa. Kwenye matuta yake vitunguu vilikuwa vidogo kama karanga, hata kung'oa ilikuwa hasara, vikaachwa ardhini. Vyangu viling'olewa na vibarua, vikafungwa mafungu, vikaning'inizwa juu ya kitanda nilichobaki nacho peke yangu. Lori lilipokuja, mnunuzi alibonyeza kichwa kimoja kwa dole gumba, akakinusa, akachukua mzigo wangu wote kabla ya mwingine yeyote. Baba alishika ahadi yake. Posa ilirudi ilikotoka. Nikahamia Katesh, nikaanza na mitumba chini kwenye turubai siku za mnada, baadaye kibanda, baadaye duka, baadaye vyumba vya wageni.

Watu hawaoni nilivyofanya kazi. Nimefungua duka nina homa, nimelala juu ya marobota kwenye lori, nimetukanwa na madalali mbele ya wateja. Halafu mtu anakuja, ananunua sabuni, anaangalia rafu zangu na kusema, "Mama, wewe una bahati." Kwa nje nacheka, lakini kwa ndani huwa naumia, nasema bahati imenisaidia lini kubeba robota? Nikisema hivyo tu, namkumbuka Emiliana. Nimedai maisha yangu yote watu waone jasho langu, na la mwenzangu, lililomwagika futi chache kutoka kwangu, nikaliita wivu nikawachekesha nalo watu. Miaka michache baada ya kuhamia Katesh nilisikia kwamba yuko Gendabi, kwamba alipokelewa na familia ya Kibarbaig ambayo baba yake alikuwa na urafiki wa kupeana ng'ombe nayo, miiko yetu huko haiwahusu, na kwamba alifika na mimba, akajifungua huko, baadaye akaolewa huko huko. Nikahesabu miezi. Nikakumbuka sweta, sahani na uso uliolowa. Kutoka Katesh hadi Gendabi si safari ya kuaga watu. Wateja wangu wanatoka huko kila mnada. Sikwenda hata mara moja.

Kwa hiyo pale jikoni, wasichana walipotoka kufuata maji na yule mama wa jirani akaitwa nje kuangalia moto, nilijua wakati umefika. Tulibaki wawili na masinia yetu. Emiliana hakuinua macho. "Nimekuja kumzika mama," akasema, "lakini nimekuja na kwa ajili yako. Kuna jambo sijakushukuru mpaka leo, na tunazeeka."

Nikasema hakuna la kunishukuru.

"Lipo. Yule mkunga alikuwa ameshaniangalia tumbo. Nilimwona. Siku mbili tatu angesema, na ningekuharibia na wewe pamoja nami, kila kitu kilikuwa ndani ya chumba kile. Nilikuwa nimeshapanga kutoroka lakini sijapata mtu wa kunipeleka. Ndipo wakaja watoto wananiimbia wivu, wivu. Nikauliza, nani kasema? Wakasema Yasinta." Akaweka punje kwenye sinia. "Nilipofika pasipo na watu nilikaa chini njiani. Nikasema, kumbe anajua. Anajua na amenifunika. Wakaacha kuniangalia tumbo wakaanza kuniangalia roho, na roho waiangalie wanavyotaka, roho haina miezi. Sikukuambia kitu kwa sababu niliona na wewe umenyamaza, nikajua ndivyo unavyotaka."

Mikono yangu ilikuwa imesimama. Yake iliendelea.

"Maji nilikuwa nakushushia tangu nilipojua sitakuwepo kuvuna," akasema. "Nafungua kwangu kidogo mzee wa mfereji aone, halafu nageuza udongo yanateremka kwako. Mwanzoni nilikuwa najibakizia kiasi, roho ya mtu ni roho ya mtu. Baada ya neno lile nilikupa zamu yote. Nikasema aliyenifunika hivi, hata vitunguu vyangu vife."

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Niliona maneno yenyewe, yalikuwa machache: sikujua, Emiliana, nilikusema vibaya tu. Lakini uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyebeba mzigo mzuri kwa miaka na leo ameufikisha kwa mwenyewe, na wasichana walikuwa wanarudi na ndoo, nasikia vicheko vyao uani. Akaniinamia haraka kabla hawajaingia.

"Nilijificha hata kwa mama yangu mzazi. Wewe ulijuaje?"

Msichana wa kwanza aliingia, mrefu, ametulia, akatua ndoo bila kumwaga hata tone. Alikuwa ni yeye mtupu, Emiliana wa kwaya, sauti ya pili. Nilikuwa nimemwona tangu asubuhi akichagua mchele na sikumtambua. "Msalimie," Emiliana akamwambia. "Ndiye huyu niliyekupa jina lake." Binti akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo mama," nami nikasema marahaba. Emiliana bado alikuwa ananitazama, anangoja jibu lake.

"Nilikuona alfajiri," nikasema. "Ukitoka nje na kurudi unajifuta mdomo."

Ni kweli nilimwona. Hakuna neno hata moja la uongo ndani yake. Emiliana akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyepata kipande kilichokuwa kinakosekana, akachukua kile kichwa cha swaumu nilichokuwa nimekishika muda wote, akakimenya yeye, akaziweka punje kwenye sinia langu.

Uani mtu aliita, "Yasinta, swaumu iko wapi huko, mafuta yanaungua." Nilianza kuinuka. Binti alikuwa ameshalichukua sinia.